BWIZA TULIYOIISHI: MKONGO MGENI KATIKA MJI WA BUJUMBURA

Mwezi huu tumeombwa tuandike juu ya Bwiza. Sababu mnaijua. Tangu posho ilipopunguzwa mwaka 2025, kila jioni pale bombani habari ni moja tu: fulani ameshuka Bujumbura, fulani naye anafunga mizigo. Na wale wenzetu waliovuka mto Rusizi mwaka huo huo, wakalala katika uwanja wa mpira wa Rugombo kabla ya wengi wao kupelekwa Musenyi, nao wanauliza swali lile lile kwa wenye ndugu huku: "Bwiza kunakalika?"

Sisi na familia yetu tulikaa Bwiza miaka mitatu, toka Januari 2018 mpaka mwanzo wa 2021. Kwa hiyo tutaandika yale tuliyoyaona kwa macho yetu, matamu na machungu, na kila familia itapima yenyewe.

Tulitoka pande za Fizi usiku, kwa mtumbwi wa injini, watu wamebanana kama ndagala kwenye gunia. Siku zile maelfu ya Wakongo walikuwa wanalikimbilia Ziwa Tanganyika, na wengi walitua upande wa Rumonge. Wengi walipakiwa kwenye malori wakapelekwa vituo vya kupokelea wageni, halafu kambini. Sisi tulikuwa na baba mdogo aliyeishi Bwiza toka zamani, akatutumia nauli. Tukapanda basi na godoro letu moja juu ya kerie.

Njia ya Rumonge kwenda Bujumbura ni nzuri kuitazama: ziwa liko mkono wa kushoto, michikichi mkono wa kulia, na wamama wanauza mawese kwenye chupa kando ya barabara. Mkikaribia mji, mahali panaitwa Mugere, kuna jiwe kubwa la kukumbuka kwamba Livingstone na Stanley walifika pale tarehe 25 Novemba 1871. Msafiri mmoja alituonyesha kwa kidole. Mama akauliza, "Walikaa miaka mingapi?" Yule mtu akasema walilala usiku mbili tu, wakaendelea. Mama akacheka kwa mara ya kwanza tangu tutoke nyumbani: wageni wale usiku mbili na jiwe wakajengewa, sisi hata godoro linadaiwa nauli!

Bwiza iko karibu kabisa na katikati ya mji. Unatoka kwa miguu na baada ya dakika chache uko kwenye maduka makubwa. Upande mmoja ni Buyenzi, mtaa wa misikiti na mafundi wa magari. Upande mwingine ni Nyakabiga. Barabara zake zinaitwa kwa namba, avenyu ya pili, ya tatu, ya tano, kwa hiyo mgeni hapotei sana. Kwa Kirundi ubwiza ni uzuri. Lakini wazee wa mji wanalo jina lingine, Belge, kwa sababu wakati wa Wabelgiji, Bujumbura ilipokuwa bado inaitwa Usumbura, palijulikana kama Camp Belge. Tuliposikia hivyo tulitazamana tukacheka, kumbe hata Bwiza nayo ilianza kwa jina la kambi.

Kitu cha kwanza kilichotushangaza ni lugha. Tulikuwa tumejiandaa kuwa mabubu. Kirundi hatukukijua, zaidi ya yale maneno mawili matatu ambayo watu wa ziwani wanayajua wote. Lakini tuliposhuka basi, mwenye mkokoteni alitusemesha Kiswahili, mwenye kuuza maji Kiswahili, hata watoto waliokuwa wanacheza mpira wa matambara walikuwa wanatukanana kwa Kiswahili. Lugha hii iliingia zamani na wafanyabiashara na askari waliotoka pwani na Ujiji, ikakaa Buyenzi na Bwiza mpaka leo. Tukajisikia tumefika nyumbani.

Hapo ndipo tulipokosea kidogo. Kiswahili chao si chetu. Sisi tunasema mutoto, munene, muzuri, wao wanatucheka na kutuita "ba-Kongo". Tena Kiswahili cha Bwiza ni lugha ya barabarani na sokoni. Ukiingia ofisi ya kartiye, ukienda kwa daktari, ukiitwa na mwalimu wa mtoto, unaongeleshwa Kirundi au Kifaransa. Neno moja lililotuumiza ni ejo. Kwa Kirundi ejo ni jana, na ejo ni kesho pia! Mwenye nyumba wetu wa kwanza alituma mtu kusema habari ya ejo na pesa ya nyumba. Mama akaelewa kwamba atakuja kesho, akatulia, akaenda zake sokoni. Kumbe alimaanisha kwamba alikuja jana akatukosa, na alikuwa amekasirika kweli kweli. Tulirudi tukakuta kufuli jipya mlangoni. Basi, mwenye kutaka Bujumbura ajifunze Kirundi kabla ya kufunga mizigo, wala asidanganyike na Kiswahili cha kituo cha basi.

Sasa tuje kwenye nyumba, maana hapo ndipo pesa inapokwisha. Huko Bwiza familia chache sana zinakaa nyumba nzima. Watu wanakaa parseli, yaani ua mmoja wenye nyumba kubwa mbele na vyumba vidogo nyuma, ambavyo wanaviita aneksi. Ua mmoja unaweza kuwa na familia sita au nane, choo kimoja, bomba moja. Sisi tulikuwa watu saba katika chumba kimoja na kisebule. Kupata chumba lazima upitie kwa komisioneri, mtu anayejua vyumba vilivyo wazi, naye anataka chake. Halafu mwenye nyumba anataka avansi ya miezi, wengi wanasema mitatu. Mkimbizi atatoa wapi miezi mitatu kwa mara moja? Baba mdogo alikopa.

Umeme ni wa kulipa kwanza, wanauita kashpawa. Mnachanga ua mzima, mnanunua, halafu yule mwenye pasi ya umeme anaumaliza siku mbili. Ugomvi tulioushuhudia kwa sababu ya kashpawa ni mwingi kuliko ule wa waume na wake zao. Hapa kambini tunalalamika giza, na ni haki yetu, lakini giza la hapa halina deni.

Jambo lingine ambalo wageni hawaambiwi ni kaye ya nyumba, ile Wafaransa wanaita cahier de ménage. Kila nyumba lazima iwe na daftari lenye majina ya wote wanaolala mle, na chefu wa kartiye anaisaini. Mgeni akija kulala, hata awe mama yako mzazi, mnatakiwa kumwandikisha. Kuna siku, kabla jua halijatoka, askari wanazunguka nyumba kwa nyumba wakiangalia daftari na vitambulisho. Mwaka 2019 binamu yetu alikuwa amekuja kututembelea kwa siku tatu. Tukasema siku tatu tu, ya nini kusumbua watu. Usiku wa pili msako ukapita. Alichukuliwa akiwa na kandambili, akalala ndani siku mbili, mpaka mwenye nyumba wetu na nyumbakumi walipokwenda kumshuhudia. Hakupigwa, tunashukuru Mungu. Lakini tangu siku ile Mama alikuwa anaamka saa kumi za usiku na kukaa kitandani, kaye mkononi, akisikiliza viatu.

Tusieleze mabaya tu. Bwiza ina raha yake, tena hatutaki kusema uongo kwa sababu sisi ni walimu. Jioni moshi wa mishikaki unajaa avenyu nzima. Mbuzi, ndizi za kuchoma, pilipili ya kupondwa. Mukeke mbichi kutoka ziwani kwa aliye nazo, ndagala kwa sisi wengine. Muziki wa kwetu unapigwa kila kona, wazee wanacheza rumba wakiwa wamevaa shati lao la Jumapili. Kwaya za Wakongo zinajaa makanisani, na alfajiri adhana ya Buyenzi inakuamsha hata kama wewe ni Mpentekoste. Soko la Jabe liko hapo hapo, unapata nguo za chagua, sufuria, dagaa, vitenge, kila kitu. Na jumamosi asubuhi mnatoka wote kwa kazi za jumuia, mnafagia mitaro pamoja na Warundi, na pale ndipo tulipojuana na majirani kuliko mahali pengine popote.

Usiku, hata hivyo, Bwiza ni ya watu wengine. Baa hazilali. Wasichana wetu wanaotoka kambini bila ndugu wa kuwapokea, wanaambiwa kuna kazi ya kuhudumia meza, na mshahara ni mdogo kuliko kodi ya chumba. Wazazi, mnaelewa kinachofuata. Tumewaona tuliosoma nao. Hatutaandika zaidi.

Maisha yetu yaliendeshwa na vitenge. Mama alikuwa na mwenzake wa Uvira, ambaye alivileta mpaka Gatumba, na Mama anavipokea pale na kuvizungusha Jabe na nyumba kwa nyumba, kwa malipo ya kidogo kidogo. Yeye mwenyewe hakuvuka mpaka hata mara moja. Wengi wanafanya mchezo hapa, lakini mkimbizi akirudi nchi aliyoikimbia kufanya biashara, anaweza kuulizwa ukimbizi wake uko wapi. Kutoka Bwiza mpaka Gatumba ni safari fupi, kwa bisi asubuhi na saa sita umesharudi. Pesa ilikuwa ndogo lakini ilikuwa ya kila siku. Kaka yetu mkubwa alikuwa anajifunza kushona kwa fundi mmoja wa Jabe. Tulikula mara mbili kwa siku. Tulijiona watu.

Shule ndiyo ilituvunja moyo mapema. Burundi, madarasa ya kwanza, mpaka la nne, mtoto anasomeshwa kwa Kirundi. Mdogo wetu wa kike alikuwa amefika la nne kwetu, anasoma Kifaransa vizuri. Alirudishwa la pili. Alikaa nyuma na watoto wadogo, magoti yake hayaingii chini ya meza, akanyamaza mwaka mzima. Huku kambini tunafuata programu ya Kongo na mwisho wake ni mtihani wa dola. Ukimtoa mtoto hapa katikati ya mwaka na kumpeleka Bwiza, usifikiri anahama shule tu. Anahama lugha na anahama programu, na akirudi atakuwa hana cheti cha huku wala cha kule.

Halafu ikaja 2020. Machi, kwa ajili ya korona, mpaka na Kongo ukafungwa. Aprili Rusizi ukafurika, Gatumba ikawa ziwa, watu wakapanda juu ya mabati na wengine wakakimbilia kwenye mahema. Ule mlango mmoja ambao Mama alikuwa anapitishia riziki yetu ukafungwa mara mbili katika miezi miwili. Tulingoja tukidhani ni wiki chache. Mpaka huo ulikuja kufunguliwa 2021, na sisi tulikuwa tumeshaondoka. Mtaji ukaliwa. Tukauza redio, halafu simu, halafu lile godoro la Fizi.

Wakati huo tulikuwa tumehamia kwa mwenye nyumba wa pili, mama mmoja mtu mzima, tulimwita Bibi. Miezi ilipita bila kodi. Kila jioni Mama alikuwa anajificha asikutane naye bombani. Siku moja Bibi akamkamata mlangoni.

"Dada yangu wa Kongo, kwa nini unanikimbia?"

"Bibi, ni aibu. Pesa sina, na la kusema sina."

Bibi akakaa kwenye jiwe la kufulia, akamwambia akae naye. Akasimulia kwamba Machi 1995, vita ilipoingia Bwiza na Buyenzi, yeye alikimbia na watoto wanne kwenda Uvira, kama walivyofanya watu wengi wa mitaa hii. Walifika hawana kitu. Mama mmoja wa Uvira aliwatoa wanawe chumbani, akawapa Bibi na watoto wake. Walikaa pale mpaka vita ilipofika Uvira yenyewe mwaka 1996, wakapoteana usiku mmoja, na hakumwona tena yule mama.

"Sijui kama yu hai," alisema. "Sasa wewe unanikimbia kwa sababu ya chumba?"

Alitukalisha miezi saba bila kodi. Lakini yeye naye aliishi kwa vyumba vile vile, watoto wake walikuwa wanamnung'unikia, na sisi tulikuwa na macho. Hakutufukuza. Sisi ndio tuliomwomba baba mdogo atupeleke kujiandikisha tuletwe kambini. Siku ya kuondoka Bibi alimpa Mama sufuria, ambayo ndiyo tunapikia mpaka leo, na wale waliokula maharage kwetu wameiona.

Kaka yetu mkubwa alikataa kuja. Alisema ameshajua kukata suruali, mashine ya fundi iko, atatuma pesa. Tukamwandikisha kwenye karatasi ya familia hata hivyo. Ilipofika siku za kuhesabiwa, kila mtu atoe alama za vidole, tukampigia. Akasema ana kazi ya sare za shule, atakuja wiki ijayo. Wiki ijayo meza zilikuwa zimeshafungwa, na jina lake likatolewa. Kwa hiyo leo si mtu wa kambi. Na kwa kuwa aliandikishwa kama mtu wa kambi, huko mjini nako hana karatasi ya mjini. Mkimbizi anayeruhusiwa kukaa mjini anajitegemea, hapati posho ya mwezi kama sisi, lakini angalau ana kitambulisho kinachosema yuko mahali pake. Kaka yetu anacho cherehani tu.

Julai 2025 tuliomba ruhusa ya kutoka, tukapewa siku saba, tukaenda kumwona. Kutoka huku upande wa Ruyigi mpaka Gitega si mbali, lakini mafuta yalikuwa hayapatikani, tukalala Gitega siku mbili tukingoja gari. Siku mbili kati ya saba! Kutoka Gitega njia inapanda kupitia Muramvya mpaka Bugarama, baridi na ukungu, wamama wanakimbilia madirisha na karoti na kabichi. Kutoka Bugarama inateremka kwa kona nyingi mpaka ziwani. Pale mtawaona vijana wa baiskeli. Wanateremka na mikungu ya ndizi na magunia ya makaa kwa mwendo wa kutisha, na kurudi juu wanashika lori kwa nyuma kwa mkono mmoja, linawavuta mpaka kileleni. Watoto wa darasa letu hawakuamini tulipowaeleza. Ni kweli kabisa, na wengine wanakufa.

Mji umebadilika. Pikipiki na bajaji zilizuiliwa kuingia katikati mwaka 2022, kwa hiyo Bwiza, iliyo pembeni tu ya katikati, ilijaa watu wanaotembea kwa miguu. Foleni za magari yanayongoja mafuta zilikuwa ndefu kuliko avenyu. Bei za chakula hatukuzizoea. Bibi bado yuko, macho yamepungua, alitutambua kwa sauti. Aliuliza habari ya sufuria.

Kaka tulimkuta Jabe. Amekonda, lakini anacheka. Anashona toka asubuhi mpaka giza, analala pale pale dukani, kwa sababu duka halina kaye ya nyumba na hakuna anayekuja kuhesabu waliolala. Tulimwuliza: unarudi na sisi? Alinyamaza muda mrefu. Halafu akauliza kama kuna namna ya kurudisha jina. Tukasema tutauliza. Akauliza tena, na likirudi, atashona nini kambini, na nani atamlipa? Hilo hatukuwa na jibu lake.

Kwa hiyo yule mzee wa kijiji cha tatu aliyetuuliza juu ya kijana wake wa mwaka wa sita, tunamjibu hapa hapa: mwache amalize mtihani. Baada ya hapo, kama ana ufundi mkononi, ana ndugu wa kumwandika kwenye kaye, na anajua kusema Kirundi ofisini, basi aanze kwa kuomba karatasi ya mjini kwa njia yake, wala asitoroke usiku. Na wale mliokwisha kuwa na watu huko, waiteni siku za kuhesabiwa zinapotangazwa. Wapigieni kabla, siyo siku ile ile.

Tuliondoka Bwiza saa kumi na moja asubuhi. Kaka alitupa mfuko wa vitambaa vya sare vilivyobaki, akasema vitatosha sketi tano. Vilitosha nne. Tulifika getini siku ya saba jioni, ruhusa yetu ikiwa imebakiza saa moja. Ofisini tumeshauliza habari ya jina mara mbili. Tumeambiwa tungoje zoezi lijalo.